Mtungi wa Bibi Upawa

Alhamisi, 9 Januari

Kosa wanalofanya watu wengi wanapotaka siri ya mpishi ni kumuuliza. Ukiuliza, umempa nafasi ya kukataa. Mwenye akili hutazama, hunusa, hupanga.

Tumefika. Siku nne kwa shemeji, mdogo wake mke wangu. Theluji inafika vifundoni. Mke wangu ana baridi yabisi. Vidole vilimgomea hata kufunga vifungo vya koti. Shemeji akatupeleka kwenye kibanda kilicho mkabala na kituo cha treni, kwa mama mmoja anayeelekeza kila kitu kwa upawa, hata foleni. Nimemwita Bibi Upawa. Huchota kinywaji cheusi kwenye mtungi wa udongo, hukichemsha kwenye kisufuria, hukupa. Kina ukali kidogo, kitamu, kinanukia mkate. Baada ya kikombe cha pili, mke wangu alifunga vifungo mwenyewe.

Nikatangaza kwamba nitaondoka na siri ya kinywaji hiki, maana kwetu mlimani nako asubuhi ni baridi. Shemeji akacheka. Amekinywa miaka mitatu na hajui kilichomo. Nikamkumbusha kwamba yeye hakufundisha kemia miaka thelathini na minane.

Mke wangu alibaki nyuma akipiga soga na yule mama. Soga tu. Mimi nilikuwa nafikiri.

Ijumaa, 10 Januari

Mbinu ya kwanza: uchunguzi. Vikombe saba, kila kimoja na maelezo yake daftarini. Cha kwanza: peasi. Cha tatu: shayiri iliyokaangwa. Cha tano: sisomi mwandiko wangu. Cha saba nilikiandikia nikiwa kwenye foleni ya choo cha kituo.

Bibi Upawa aliniuliza naandika nini. Nikamjibu barua. Akasema hajawahi kuona barua inayonuswa kabla ya kuandikwa. Wateja wakacheka, shemeji kuliko wote.

Kipo kitu cha tatu humo. Bado kinanikimbia. Mke wangu akasema, "Si umuulize tu, baba watoto?" Nikamweleza tena, taratibu, ubaya wa kuuliza. Akafunga zipu ya mkoba wake. Nadhani alielewa.

Jumamosi, 11 Januari

Mbinu ya pili: fadhila. Mtendee mtu wema kabla hajaomba, naye ataona haya kukuficha jambo.

Nafasi ikajileta yenyewe saa nne asubuhi. Bibi Upawa alikuwa na jino bovu. Akaniomba, kwa kuwa mimi ni mtu mzima, nimshikie kibanda nusu saa aende kwa daktari wa meno. Akasema nisiguse kitu. Watu husema hivyo kwa adabu.

Mtungi ulikuwa karibu mtupu. Nikachungulia. Ukoko mweusi pande zote, na chini tope la vidole viwili. Nilimhurumia, hana wa kumsaidia. Nikalimwaga tope mtaroni. Nikausugua mtungi kwa mchanga, kwa majivu, kwa brashi ya waya, nikausuuza kwa maji ya moto mara tatu kama tulivyofanya maabara. Ukawa kama umetoka dukani.

Alirudi shavu limevimba. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kreti. Akaeleza kwamba mtungi alikabidhiwa na mama mkwe wake; kila jioni huachwa masalia, kila asubuhi huongezwa peasi na shayiri juu yake, na masalia ndiyo yanayochachusha. Haujawahi kuoshwa. "Mwalimu," akasema, "umemwaga miaka thelathini na moja mtaroni."

Nikaanza kumweleza habari za vijidudu. Akainua upawa, akanionyesha barabara.

Hata hivyo siri ninayo. Mbinu imefaulu. Kasoro ni moja tu: masalia yenyewe hayapo tena duniani.

Jumapili, 12 Januari

Asubuhi foleni ilisimama kwenye theluji mbele ya kisufuria kikavu. Shemeji sasa anaongea nami kupitia kwa dada yake: "Dada, mwambie mumeo chai ipo mezani." Vidole vya mke wangu vimekakamaa upya. Hilo lilinigusa, nakiri.

Ndipo alipofungua mkoba kwa shida, akatoa chupa ya chai. Kumbe siku ile ya soga alimuuliza Bibi Upawa kinywaji kinatengenezwaje, akaambiwa yote, na akajaziwa chupa ya kuanzishia mtungi wetu. Ilikuwa yake. Akaenda kuimimina yote kwenye mtungi wa kibandani, peasi na shayiri zikafuata, tukangoja. Saa tisa alasiri povu likapanda. Bibi Upawa akamkumbatia, akamrudishia chupa ikiwa nusu. Sharti moja: nisiibebe mimi.

Hakuna aliyetaja jambo lililo wazi: povu limepanda haraka kwa sababu mtungi ulikuwa safi. Sikudai shukrani.

Jumatano, 15 Januari

Nyumbani. Mtungi wetu uko jikoni, karibu na moto, na povu linapanda taratibu. Leo mke wangu amekunywa kikombe, amefunga vifungo vyote, ameenda sokoni. Amesema nisikanyage jikoni. Maskini, uchovu wa safari bado haujamtoka.

Nimechungulia. Tope la vidole viwili, na ukoko umeanza. Brashi ya waya nimeipata chini ya sinki.

Naandika hili kwa faida ya wajukuu. Ukikuta chombo kina masalia, usingoje kuambiwa. Kisugue leo.