Cheti cha Muziki cha Mwalimu Gaudens

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, unayemwakilisha yule aliyetumwa kumwakilisha Mgeni Rasmi mwenyewe. Waheshimiwa viongozi mlioketi kwenye viti vyenye vitambaa. Waheshimiwa kidogo mlioketi kwenye viti visivyo na vitambaa. Masheikh wetu, wachungaji wetu na makatekista wetu. Ndugu zetu wa hifadhi ya bahari, mnaotutunzia samaki. Maafisa elimu, wakuu wa shule, kina mama wa mwani, wavuvi wenye leseni na wale ambao leo sitawauliza. Wanahabari, kama mmefika. Wananchi wa Miburani mliotupokea na ndugu zetu wa Juani mliovuka maji kuja kunisikiliza. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajue kwamba naye amezingatiwa humohumo ndani ya itifaki. (Makofi.)

Asalaam aleykum. (Waaleykum salaam.) Tumsifu Yesu Kristo. (Milele amina.) Bwana asifiwe. (Amina.) Watoto, hamjambo? (Hatujambo, shikamoo.) Marahaba, kaeni, vumbi hilo.

Kwa wasionifahamu, ingawa sidhani kama wapo, mimi ni Valence Kagaruki, Kaimu Mratibu Mwandamizi wa Programu Jumuishi ya Rasilimali za Mtandaoni na Maendeleo Endelevu ya Kitaaluma kwa Walimu wa Muziki, Kanda ya Visiwa Vidogo. Nimekuja asubuhi hii kwa ile ndege ndogo ambayo abiria anapimwa uzito pamoja na begi lake, na nilipopanda kwenye mzani rubani alishuka kuja kunitazama mwenyewe. (Kicheko.) Hiyo, ndugu zangu, ndiyo tafsiri ya kiongozi mwenye uzito. (Makofi kutoka viti vyenye vitambaa.)

Sasa niingie kwenye mada. Kabla ya Programu hii mwalimu wa muziki wa Mafia alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Alifundisha kwa ngoma aliyoazima kwenye harusi, kwa filimbi moja ya plastiki inayopita midomo yote ya darasa la nne, na kwa nyimbo alizofundishwa na bibi yake, ambaye kwa taarifa nilizonazo hakuwa na sifa yoyote ya kitaaluma. Ndipo sisi, katika muktadha wa mageuzi ya kidijitali, kwa kuzingatia capacity building na ushirikishwaji mpana wa wadau, tukasema hapana. Tukasema mwalimu wa Juani na mwalimu wa Norwei wakae darasa moja, wasome nota kutoka kwenye skrini moja, waulizane namna ya kutunza kinanda mahali penye chumvi, ingawa Juani hakuna kinanda, na Norwei sina hakika na chumvi yao. Moduli kumi na mbili! Video! Jukwaa la majadiliano ambapo mwalimu akikwama kwenye sauti ya tatu anajibiwa kabla chai yake haijapoa! (Makofi. Mtu nyuma anauliza chai iko wapi.)

Chai ipo kwenye ratiba, ndugu yangu, vuta subira.

Na matokeo tunayo. Walimu wote wanaofundisha au wanaoweza kufundishwa kufundisha muziki katika wilaya hii waliandikishwa, na waliohitimu na kupata cheti ni asilimia tisini na sita nukta nne. (Makofi marefu.) Nukta nne! Ulaya hawajafika huko. Na ile asilimia iliyobaki, ndugu zangu, nasema kwa uchungu, ina jina. Inaitwa Mwalimu Somoe Shamte, wa Juani, amekaa pale kwenye benchi na wanafunzi wake. (Watu wanageuka kumtazama. Makofi yanakatika.)

Mniwie radhi, utumishi hauna aibu. Mwongozo uko wazi: kuanzia muhula ujao asiye na cheti hafundishi muziki. Vipindi vya Mwalimu Somoe vinahamia kwa mwenzake wa shule hiyohiyo aliyehitimu, Mwalimu Gaudens, mtaalamu wetu wa hisabati. Simama, Gaudens, wakuone. (Mwalimu Gaudens ananyanyuka nusu, anakaa.) Ni mnyenyekevu huyu. Asubuhi alinifuata pembeni akaniambia hajui kuimba kabisa, kwamba hata kanisani kwao walimwomba awe anapiga kengele, na akanisihi nimwache Somoe na vipindi vyake. Nikamwambia, Gaudens, cheti kinasema unajua, wewe ni nani ubishane na cheti? (Kicheko. Gaudens hacheki.)

Mtauliza mwalimu aliyefundisha muziki miaka mingi alifelije. Nitawaeleza, ili liwe somo. Kwenye semina ya ufunguzi tuliwaambia wote kwamba masomo yapo mtandaoni. Wenzake walituelewa kikazi. Mtumishi mzoefu akiambiwa masomo yapo mtandaoni, anashukuru, anasaini mahudhurio, anachukua kofia, anarudi nyumbani kusubiri siku ya kufunga mafunzo. Huyu bibie yeye akaenda kuyatafuta. (Kicheko kikubwa kutoka viti vyenye vitambaa.)

Na Juani simu zenyewe mnazijua. Basi akasubiri bamvua, maji yakipwa kabisa, akapandisha kanga magotini, akatia simu kwenye mfuko wa nailoni, akatembea mwambani mpaka mwisho kule ambako mtandao unashika kidogo, akasimama anainua mkono juu. Walinzi wa hifadhi wakapita na boti, wakaona mtu mahali palipofungwa kwa uvuvi. Wakamuuliza kwa heshima, mwalimu, pweza wako wapi? Akawaambia hana pweza, anatafuta moduli ya kwanza. Na wale vijana, kwa uungwana wao, badala ya kumwambia aondoke wakazima injini wakaanza kutafuta naye, maana mmoja alikuwa na simu nzuri zaidi. Wakaandika jina la Programu hivi, wakaliandika vile, wakatoa neno Jumuishi, wakalirudisha, mpaka maji yakajaa, wakampakia wakamrudisha nyumbani.

Sasa siku hiyo, ndugu zangu, ndiyo iliyokuwa siku ya kufunga! Sisi tulikuwa mjini Kilindoni tunakula pilau. Na kigezo cha kuhitimu ni kilekile kwa wote, hakina upendeleo wala ukabila wala udini: aliyekula pilau amehitimu. Gaudens alikula. Aliongeza. Somoe alikuwa baharini anatafuta masomo, na akakosa mafunzo. (Minong'ono.)

Naona amesimama. Haya, Mwalimu, kwa ufupi.

(Mwalimu Somoe anamwamkia shikamoo, kisha anasema: "Mheshimiwa, mie sikatai kushindwa. Nitajie tu hiyo tovuti jina lake. Hapa Miburani mtandao upo, nikae chini ya mti ule, nisome zote leo leo, kesho unifanyie mtihani. Niulize lolote.")

Swali zuri. Swali zuri sana, na nalipokea kwa mikono miwili. Niseme kwamba katika dunia ya leo tovuti si jina, tovuti ni dhana. Na sisi kama Programu tumejielekeza zaidi kwenye matokeo kuliko kwenye anwani, kwa sababu anwani inaweza kubadilika lakini matokeo, kama mlivyosikia, ni nukta nne. Nadhani nimejibu. Na huyo mama aliyesimama mbele yako ni nani? Naambiwa ni Bi Mwanamkuu, mzazi. Sema, mama, ingawa ratiba inatubana.

("Mwanangu Hemedi ana kigugumizi, Mheshimiwa. Nyumbani hasemi, darasani hasemi. Kwa Somoe akiimba maneno yanatoka yote. Saa moja ile kwa wiki ndiyo namsikia mwanangu, nasimama dirishani. Msituondolee.")

Mama, nimekusikia, na kama mzazi nimeguswa. Lakini tukiongozwa na hisia nchi haiendi. Programu ina viashiria vyake vya ufanisi, vilivyopitishwa na wataalamu, na kigugumizi hakimo kwenye viashiria. Gaudens atamfundisha mtoto sehemu na desimali, na muziki, kimsingi, ni sehemu na desimali. (Mtu anaguna. Kina mama wa mwani wanamsogelea Bi Mwanamkuu na kukaa naye.)

Naomba tusimame kwa kaulimbiu. Nikisema Muziki, mseme Mtandaoni! Muziki! (Mtandaoni, kwa sauti chache.) Mwalimu! (Cheti!) Mafia! (Kidijitali!) Hamna nguvu, chai imechelewa kweli. Kaeni.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru kijana aliyetuchorea bango hili nyuma yangu, lenye picha ya kompyuta na mtoto anayecheka mbele yake, ambalo mpaka leo ndiyo sehemu ya Programu iliyokamilika zaidi. Nawashukuru wapishi. Nawashukuru wataalamu washauri, waliotushauri kwa hekima kwamba tovuti ikishajengwa itataka matengenezo, na isipojengwa haiharibiki. Nawashukuru walimu wahitimu ambao kwa miaka miwili hawakutusumbua hata mara moja kuuliza masomo yako wapi, na hicho, kwangu mimi, ndicho kipimo cha utumishi. Na wewe, Mwalimu Somoe, sina kinyongo nawe. Nakushukuru wewe kuliko wote. Katika uhai wote wa Programu hii wewe ndiye mtu pekee aliyewahi kuitafuta. Na ni siku ile ile, walinzi wako walipotupigia simu Kilindoni tukiwa kwenye pilau, wakiuliza anwani, ndipo tulipotazamana mezani tukakumbuka kwamba hatujaitengeneza.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa, kabla sijamkaribisha Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ratiba inasema wimbo kutoka Juani. Mwalimu Somoe hana tena mamlaka ya kuongoza, kwa hiyo Mwalimu Gaudens, njoo mbele. (Mwalimu Gaudens haji.) Basi watoto, imbeni wenyewe. Hemedi ni yupi? Anza, baba, tukusikie.

(Hemedi anasimama. Anafungua mdomo. Maneno hayatoki.)

Haya, kaa. Ana haya tu huyu. Fundi mitambo, tuwekee muziki wowote.