Friza Yenye Joto la 238

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wetu anastaafu. Kiti chake ni changu au cha Bi Hakiki, jirani yangu wa meza, tuliyembandika jina hilo kwa kuwa hata chai huikagua kabla ya kuionja. Atakayeng'ara Alhamisi mbele ya mwenye ghala la samaki ndiye atakayekikalia. Kazi yangu: programu ya kipimajoto cha friza. Ndogo mno! Nyumbani nimejaribu kukaa kikuu. Mke wangu akaniambia niinue miguu, anafagia.

Jumanne, 4 Machi
Nimemaliza mapema. Nyuzi joto nimezihifadhi kwenye char, kisanduku kidogo kabisa cha namba katika lugha ya C. Kompyuta yangu imesoma -18 bila kusita. Bi Hakiki akachungulia, akasema, kaka, tanguliza neno signed, maana kuna mashine ambazo char yake haijui namba za chini ya sifuri, huzigeuza kubwa; ya kompyuta yako huzijua, ila ikipita 127 hurukia hasi. Wivu huo! Nikamshukuru kwa meno yote. Sikugusa kitu.

Alhamisi, 6 Machi
Ghalani. Nikahamishia programu kwenye kifaa chenyewe, kwa mbwembwe. Kioo kikaandika 238. King'ora kikalia. Wapakiaji wakatoka frizani mbio, barafu kwenye kofia. Mwenye ghala akauliza kama samaki wake wameshaiva. Mkuu akatazama viatu vyake. Bi Hakiki akaongeza lile neno lake moja, -18 ikarudi, kelele zikakoma. Hata hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Kiti kimeenda. Bi Hakiki amekikalia, baada ya kukikagua. Nimempa mkono. Akasema, kaka, tuko pamoja, akanipa kipimajoto cha tanuri la mikate. Mke wangu kauliza kama kuna nililojifunza. Mengi! Signed ni ya baridi, nimemweleza. Tanuri halina baridi. Char tupu yatosha. Akaendelea kukunja nguo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeijaribu programu mezani kwangu kwa nyuzi 220. Kompyuta ikaandika -36. Tanuri! Sikubabaika. Mtu mzoefu huitambua mashine iliyochoka. Nimemwandikia Mkuu mpya, kwa heshima zote, kuomba kompyuta nyingine. Amejibu papo hapo: kaka, usiguse kitu, nakuja kuiona mwenyewe.
Hatimaye, kiongozi anayesikiliza!