Omu Themanini na Nne

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi! Fundi wa umeme, mtoto wa kaka yangu, amepima fimbo ya ethi, ile ya shaba inayozikwa ardhini, nyuma ya jiko. Omu themanini na nne! Ya jirani yangu Mama Mikoba ilipata sita. Sita! Nikamtangazia juu ya ukuta kwamba shule sikwenda, herufi nilizinyang'anya kwenye madaftari ya wanangu, lakini nyumba yangu imefaulu. Akacheka mpaka akakaa chini. Wivu.

Alhamisi anakuja mkaguzi. Akipitisha, tunawashiwa umeme. Ijumaa binti yangu atoke hospitali na kichanga chake, njiti, mkono wake mzima haufikii kidole changu. Muuguzi kasema wazi: chumba hakina joto, hawatoki. Hita nimeshanunua. Nimeilaza kitandani, nimeifunika shuka.

Jumanne, 4 Machi
Aibu. Fundi kanieleza polepole, kama anayeleta habari za msiba. Omu si alama za mtihani. Ni ugumu wa njia. Umeme ukivuja, fimbo iupeleke ardhini upesi. Njia ikiwa ngumu, utapita kwa mtu. Mkaguzi hapitishi ikizidi kumi. Nikauliza mbona hakusema jana. Akasema nilikuwa nimeshafika ukutani.

Anataka kuifukua fimbo aitazame. Nimekataa katakata. Sababu ninayo. Siiandiki hata humu.

Jumatano, 5 Machi
Mpango wa kwanza: maji. Ndoo kumi na mbili. Fundi akapima, sitini. Mpango wa pili: chumvi, kilo tatu. Thelathini na tisa! Fundi akanung'unika kwamba chumvi huoshwa na mvua, na fimbo italika. Nikamwambia mvua isubiri Alhamisi ipite.

Mpango wa tatu, wa akili. Waya mrefu, chini ya ukuta, niunge kwenye fimbo ya Mama Mikoba. Sita yote ile ya nini peke yake? Nikachimba kwa mwiko. Nilipotokeza upande wa pili nikakuta vidole vya miguu. Vyake. Akauliza natafuta nini. Nikasema kuku. Akauliza nimeanza lini kufuga.

Alhamisi, 6 Machi
Mkaguzi ni mtu mkimya, viatu safi. Nikampa kiti kizuri, nikamsifia malezi. Akapima. Arobaini na moja. Hapitishi! Nikamweleza habari za mjukuu, yote, mpaka uzito. Akafunga kipimo chake.

“Mama,” akasema, “huyo mtoto ndiye ninayempimia.”

Akasema atarudi kesho mchana, mara moja tu.

Fundi akaingia jikoni kunywa maji. Akaona chuma changu cha kuchochea makaa. Akakigeuza.

“Shangazi, shaba hii umeitoa wapi?”

Basi, naandika. Siku ile fimbo ilipogonga mwamba, fundi akasema atarudi kesho yake aihamishe. Imesimama nje nusu nzima, inang'aa, haina kazi! Nikaikata, nikamwambia nimeigongelea mwenyewe mpaka chini. Akaamini. Kosa lake.

Ijumaa, 7 Machi
Fimbo mpya, ndefu kuliko mlango, mbali na mwamba. Mama Mikoba alikuja bila kuitwa, na nyundo ya marehemu mumewe. Alipiga kwa nguvu kuliko fundi. Omu saba! Mkaguzi akatia sahihi, umeme ukawaka alasiri.

Wamefika. Mtoto kalala kifuani kwa mama yake, chumba kina joto kama mbeleko ya kanga. Nikalia kidogo. Nikasingizia vitunguu, na vitunguu havikuwepo.

Jumapili, 9 Machi
Mama Mikoba kaja kumtazama mtoto. Kasema saba si mbaya. Kasema mara nne.

Fundi kaondoka na chuma changu, eti ushahidi. Sasa makaa nichochee kwa kidole? Nimekwenda kuikagua fimbo mpya. Kipande cha juu, shubiri nzima, kimekaa nje ya udongo, kazi yake kushikilia waya tu. Inayofanya kazi ni ile iliyo ardhini, fundi mwenyewe kasema.

Nimeazima msumeno kwa Mama Mikoba. Nimemwambia ni wa kukatia tawi.