Malalamiko Kuhusu Mguu Wangu wa Mwaka Mpya

Masjala,
Mbinga,
12 Agosti 1996.

Ndugu Meneja (au Mheshimiwa, maana tangu mageuzi yaanze sijui kipi kinakupendeza),

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na ukiwa umeshakunywa chai. Mimi ni Ildefonsi Ndunguru, karani wa masjala, yule mwembamba ambaye siku ya usaili uliniambia nikae, nikakaa kwenye kiti chako. Najua karani wa miezi kumi na moja kulalamika ni sawa na kifaranga kumshtaki mwewe. Lakini muda wangu wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi huu, na fomu ya kunithibitisha kazini anaijaza Bwana Fergus, mtaalamu wetu wa kahawa kutoka Uskoti. Nikikosa saini yake narudi Kigonsera kwa mama, ambaye ameshaitangazia jumuiya nzima kwamba mimi ni ofisa.

Kwa heshima, malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba nilipewa kazi isiyomo katika barua yangu ya ajira. Desemba iliyopita Bwana Fergus alinieleza kuwa kwao mtu wa kwanza kukanyaga ndani ya nyumba baada ya saa sita usiku wa Mwaka Mpya ndiye anayeleta bahati au mkosi wa mwaka mzima. Anatakiwa mwanamume mrefu mwenye nywele nyeusi, aliyebeba mkaa, mkate na chumvi. Akiwa na nywele nyekundu, ni balaa. Alisema kwao kumpata mtu anayefaa ni taabu, ila hapa Mbinga anaweza hata kuchagua. Akanichagua mimi. Niliona fahari, Ndugu Meneja. Nilinunua mkaa mzuri, nikauosha kwa sabuni.

2. Kwamba maagizo yalikuwa magumu kwa mtu aliyelelewa kwa adabu. Kwao mgeni huyo huingia bila kusema, na mwenye nyumba hatamki neno mpaka mkaa utiwe motoni. Nilidhani hilo la kwanza ni mzaha, kwa sababu anayeingia nyumba ya mtu kimya kimya usiku, akiwa na kitu mfukoni, huku kwetu ana jina lake. Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha tena. Kimya. Nami sikufundishwa kupita mlango ambao hakuna aliyenikaribisha. Nikasimama kwenye mvua saa nzima, nikibisha kila baada ya dakika tano, na yeye ndani, kama alivyokiri baadaye, akinisikia kila mara na kuuma midomo asije akavunja mila. Mkate ukawa uji.

3. Kwamba hatimaye Bwana Fergus alitoka nje kunitazama, akapigwa na mvua, akakimbilia ndani. Hivyo wa kwanza kuingia nyumba ile mwaka huu ni yeye mwenyewe, na nywele zake unazijua: ni nyekundu kama kahawa iliyoiva mtini.

4. Kwamba pamoja na hayo, mkosi umeandikwa kwa jina langu. Mkanda wa mashine ya kumenya kahawa ulipokatika, alisema, "Aa, Ildefonsi, mguu wako!" Wanunuzi wapya walipotutangulia kijijini Matiri wakabeba kahawa yote, mguu wangu. Jino lake lilipouma, mguu wangu. Husema akicheka, lakini kicheko cha mtu aliyeshika fomu yako hakichekeshi. Jonas, dereva, ndiye anayekoleza: "Karani, kaa mbali na tairi zangu, mdogo wangu. Huo mguu uache masjala." Safari za Kitura sasa naachwa. Juzi nimejikuta nikiruka kizingiti cha ghala kama mbuzi, watu wakitazama.

5. Kwamba mguu hauna uwezo huo. Nimesoma seminari miaka minne, na naamini mkanda hukatika kwa kuchakaa. Mguu wa mtu ni nyama, mfupa na, kwa upande wangu, kiatu cha kuazima. Kama una uwezo, basi wenye mkosi ni wa Bwana Fergus, na fomu yangu ijazwe na mtu mwingine. Kama hauna, aijaze yeye, ila asiutaje mguu wangu kila nikipita.

Kwa hiyo naomba kampuni ibandike tangazo kwamba karani wake ana miguu ya kawaida. Ikishindikana, mlango wa Bwana Fergus ung'olewe kila tarehe 31 Desemba na tundu lizibwe kwa matofali. Ikishindikana tena, Mwaka Mpya uahirishwe mpaka nitakapothibitishwa.

Nakusalimu wewe, mama wa nyumbani, watoto, mlinzi wa geti na hata Jonas. Bwana Fergus naye msalimie, ila asijue salamu zimetoka wapi.

Wako mtiifu, niandikaye nikiwa nimesimama,
Ildefonsi Ndunguru

Nyongeza: Barua hii niliiandika Jumatatu na leo ni Ijumaa. Kila asubuhi nilipoileta nilimkuta Edina, mpiga chapa, ameshaingia kwako, na Jumatano alitangulia yule mkaguzi mwenye kipara, ambaye sikujua mila inamhesabu vipi. Anayekukabidhi barua hii leo ni Xaveri wa ghalani, mrefu kunizidi, na kichwa chake hakina hata mvi moja. Amesimama mlangoni pako tangu saa kumi na mbili asubuhi ili awe wa kwanza. Tafadhali, Ndugu Meneja, usimwambie neno lolote mpaka miguu yake yote miwili iwe ndani.