Mtani Wangu Kati ya Mayatima

Jumatatu, 6 Oktoba

Joto la kuchemsha yai. Friji tatu za watu zinanisubiri nizitengeneze, sijagusa hata moja. Leo nimemwona Chola.

Niandike vizuri, nisije nikajisoma mwakani nikadhani nilikuwa nimelewa. Chola amekufa. Tulimzika Juni, hapa hapa Kitwe, na mimi nilikuwepo. (Afadhali nisingekuwepo. Hilo baadaye.) Nilichokiona leo ni chombo chake, ndani ya mchezo wetu wa anga, nyuma ya mwezi wa kijani. Mkia wa Tumbili! Jina niliupa mimi, kwa sababu Wabemba kama yeye wanakula tumbili, na anayebisha alete ushahidi. Chombo changu alikipa jina yeye: Panya Mkubwa. Ati sisi Wangoni kitoweo chetu ni panya. (Ni kweli. Na ni mtamu.)

Sasa Mkia uko na Mayatima. Hao ndio adui wa mchezo mzima: makundi ya vyombo visivyo na nahodha. Waliovitengeneza walikufa zamani, vyenyewe vinaendelea na vita kama vile hakuna aliyevipa habari. Ukishindwa, hawakivunji chombo chako. Wanakichukua. Halafu kinaruka vile vile ulivyokuwa ukikirusha wewe, maana Mayatima wanajifunza kwa kutazama. Chola alipolazwa hospitali aliuacha Mkia ukielea angani, akasema atarudi Jumapili. Hakurudi. Wakauchukua.

Leo umepita mbele yangu, ukapinda kushoto (Chola daima kushoto), ukawasha taa mara tatu. Kwa Chola hiyo ilikuwa na maana moja tu: pita, mla panya. Nikauachia usukani. Mayatima wengine wakanipasua ubavu.

Nikawasimulia wenzangu. Hapo ndipo Mubita, mwenye duka la fotokopi tunakochezea, aliyekuwa mwalimu wa hesabu na hajaacha, akatangaza kwamba Jumamosi saa nane tunafagia Mayatima wote wa mwezi wa kijani. Wote! Ameshachora ramani ukutani. Ana hata fimbo ya kuonyeshea. Tangu Chola afe yeye ndiye mkuu wa kikosi, na sikumbuki kupiga kura. Kikosi chenyewe ni yeye, mimi, Gift na mkewe Memory. Nikauliza, na Mkia je? Akasema chombo ni chombo.

Lo! Chombo ni chombo!

Uamuzi: nitauiba Mkia kabla ya Jumamosi. Kwa ajili ya Mama Bupe, mjane wa Chola. (Na kwa ajili ya kiti cha ukuu, kidogo. Nani atamnyima mtu aliyepora chombo kinywani mwa Mayatima?)

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango wa kwanza: kujifanya nimekufa. Zima injini, zima taa, elea kama gogo. Mkia ukija kunichukua, naunasa kwa mnyororo. Werevu mtupu!

Umekuja. Umenizunguka taratibu. Taa mara tatu. Haukunipiga risasi hata moja. Nikakaa nautazama, mnyororo nimeusahau kabisa. Yatima wa pili hakuwa na utani na mimi. Nimepoteza bawa la kulia.

Mpango wa pili: kama wa kwanza, ila nikumbuke mnyororo. Mayatima hawadanganyiki mara mbili kwa hila moja. Wamekuja tisa, wakanipiga nikiwa bado najizima. Mpango wa tatu ulikuwa kama wa pili. Gift akaniuliza kwa upole kama huwa najifunza. Nikamwambia hiyo inaitwa ustahimilivu.

Lakini jambo moja linanikaba. Miaka miwili tumecheza, na Chola hakuwahi kunipiga risasi, hata kwa mazoezi. Alinitania tu. Kwa hiyo mashine ilipomtazama ikajifunza: Panya Mkubwa hapigwi, anatukanwa. Haijui kwa nini. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaamua afadhali watukanane milele kuliko kuuana. Na sasa kuna kitu huko kisicho na babu wala bibi, na kinaheshimu mapatano yao. Nshima, ugali wetu, imenishinda leo. Nimeirudisha jikoni nusu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jana hakuna umeme, hakuna mchezo, hakuna cha kuandika.

Leo mpango wa nne: neno la siri. Nikiingia kwa jina la Chola mwenyewe, huenda Mkia ukanitii. Nimekwenda kwa Mama Bupe na koleo mkononi, nikasema nimekuja kukagua friji. Akasema friji haijalalamika. Nikasema ndizo mbaya hizo, zisizolalamika. Akaniwekea nshima na dagaa wa kapenta, akaingia jikoni.

Nikatoa simu, nikaanza kubahatisha. Jina la mtoto. Wapi! Simu ya marehemu, iliyokuwa mezani, ikalia. Timu yake ya mpira. Wapi! Ikalia tena. Jina la kijiji chao. Ikalia. Mla panya. Ikalia. Mara ya tano Mama Bupe akatoka, akafuta mikono, akaichukua akaisoma kwa sauti: kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako, yuko Kitwe.

Akanitazama. Mimi nikaitazama friji.

Nikasema yote: Mkia, Mayatima, kushoto, taa tatu. Akaketi. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akaniuliza kama nakumbuka makaburini.

Nakumbuka. Msibani mtani ana kazi yake. Aingie kaburini alale humo, agome kutoka mpaka apewe chochote, amseme marehemu bila huruma. Mchoyo huyu! Hata kufa kafa kwa uvivu! Watu wacheke kidogo, wapate nguvu ya kumalizia. Siku ile mtani nilikuwa mimi peke yangu, wote walikuwa wananitazama mimi. Nikapiga magoti ukingoni, nikalia. Nililia mpaka mchungaji akanishika bega kunipa pole, akidhani mimi ndiye ndugu wa tumbo moja. Hakuna aliyecheka. Chola, aliyetania mpaka madaktari, alizikwa kimya kama mtu asiyekuwa na mtani duniani.

Mama Bupe amesema hataki kitu chenye mwendo wa mumewe kizurure huko na majambazi. "Kizike, mtani," akasema. "Na safari hii ufanye kazi yako." Jumamosi atakuja mwenyewe kutazama.

Nimeitikia. Moyoni nimekataa.

Jioni nimetengeneza betri ya akiba ya Mubita, maana umeme wetu ni wa kuombea dua na vita havingoji. Nimeitengeneza vizuri sana. Nyaya mbili zimebaki. Inaelekea hazikuwa na kazi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango wa tano, na huu sijui kwa nini haukuwa wa kwanza.

Mubita anataka tuzunguke kulia, tena kulia, kisha Memory ashuke kutoka juu. Ni mpango mzuri. Nakiri kwa uchungu. Sasa basi: si Mayatima wanajifunza kwa kutazama? Nimekwenda peke yangu, nikaufanya mpango mzima wa Mubita mbele ya macho yao mara saba. Kulia, kulia, juu. Kulia, kulia, juu. Hakuna mwalimu wa chekechea mwenye subira kama yangu. Mara ya saba walikuwa wananingoja huko juu kabla sijafika. Wanafunzi wema!

Kesho Mubita anapigwa, Mkia unaokoka, kikosi kinatafuta mkuu mpya mwenye busara. Mama Bupe ataambiwa tulijitahidi, bahati haikuwa yetu.

Roho imenisuta wakati wa kula. Nimemaliza sahani hata hivyo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama Bupe amefika saa nane kasoro, na kidumu cha togwa ya munkoyo, baridi. (Friji kweli ni nzima.) Akaketi nyuma yangu. Sikuomba aketi nyuma yangu.

Vita vimedumu dakika sita. Kulia, Mayatima wapo. Kulia tena, wapo wengi zaidi. Memory akashuka kutoka juu akawakuta wamejipanga kama wanaopokea wageni wa harusi. Wa kwanza kwenda alikuwa Mubita. Gift akafuata, kisha Memory. Mubita akatupa fimbo chini, akasema haiwezekani, ni kama waliipiga picha ramani yake. Nikakohoa.

Nikabaki mimi. Mayatima kumi na mmoja wakanizingira. Nikasema moyoni, haya, mchimba kisima huingia mwenyewe. Ndipo Mkia ukaja kutoka kushoto, ukajiweka katikati yetu, mgongo wake kwangu, uso wake kwao. Hawakuweza kunipiga bila kuupiga. Wakasimama. Taa: moja, mbili, tatu.

Ulikuwa karibu sana. Hata mimi nisingekosa.

Mama Bupe akasema kwa sauti ndogo, "Mtani. Kazi."

Nikafungua mdomo nikidhani kitatoka kilio. Yakatoka ya Juni, yote, yalikuwa yamekaa humo yanangoja. Nikamwambia wewe mla tumbili, umeondoka bila kuaga kwa kuwa zamu ya kununua mkate ilikuwa yako! Kichwa kama sufuria la kanisani! Hospitali umekwenda kufuata uji wa bure, ukaupenda mno! Malaika wamekubeba vipi na uzito huo, nao si wana migongo? Miaka miwili unapinda kushoto, hakuna aliyekwambia kwamba kulia nako kuna njia? Na mke mzuri namna hii umemwachia nani, umemwachia friji mbovu?

Mama Bupe akasema friji si mbovu. Akacheka. Akacheka mpaka ncha ya kitenge ikaenda machoni, na huko ikabaki. Gift alikuwa ameangukia kibodi kwa kucheka. Memory mwenyewe hakujua kama alikuwa analia au anacheka. Hata Mubita, ambaye ni wa kabila la Walozi na utani huu haumhusu, aligeukia ramani yake akajifanya anaisoma. Mimi nililia pia. Lakini nilitukana huku nalia, na hiyo inahesabika.

Kisha Mama Bupe akasema, basi, inatosha, piga.

Umeme ukakatika! Karibu saa mbili nzima kabla ya ratiba ya mgao! Betri ya akiba, ile niliyoitengeneza mimi, ikadumu muda wa kupiga chafya.

Skrini nyeusi. Wote wakanigeukia. Nikasema nimepiga. Nikasema nimeuona kwa macho yangu ukipasuka, vipande vipande, umekwisha, umepumzika. Mama Bupe akashusha pumzi ndefu. Akanimiminia munkoyo, akaniita mtani mbele ya watu bila kukunja uso.

Kidole hakikuwa kwenye kitufe. Hilo naliandika hapa tu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Njia ya mwongo fupi, lakini sikujua ni fupi kiasi hiki.

Asubuhi Mubita ameingia kwenye mchezo kuangalia mabaki. Mabaki hakuna. Panya Mkubwa, aliyeachwa angani umeme ulipokatika, wamemchukua, sasa ni Yatima kamili. Na Mkia mzima kabisa. Mubita akasimulia alichokiona, anakuna kichwa, haelewi. Vyombo viwili peke yao, mbali na kundi. Kimoja kinakwenda kulia, tena kulia, kisha juu, kinagonga mwamba, kinaanza upya. Cha pili kinakifuata kwa upande wa kushoto, na kila cha kwanza kinapogonga, hiki kinawasha taa mara tatu. Amewatazama nusu saa. Hawakumpiga mtu. Hawakuwa na habari na mtu.

Nikatoka nje kidogo. Niliporudi nikasema ni vumbi limeniingia machoni.

Kumbe nilipokuwa nje Mubita amempigia simu Mama Bupe. Mdomo wa mwalimu huyu hauna pazia. Nikakimbia mpaka kwake, jasho likitiririka, na maelezo matatu tofauti tayari. Hakuyahitaji. Akasema Jumamosi alikuwa nyuma yangu, alikuwa anaiona mikono yangu yote miwili. Ilikuwa imefunika uso.

Akasema utani ameupokea, na Chola ameupokea, lakini maziko bado. Jumamosi anakuja tena. Na Jumamosi itakayofuata, na nyingine, mpaka nipige. Hana haraka. Munkoyo ataleta yeye.

Nikaapa. Nikamwambia Jumamosi bila kukosa, mama, mkono imara, kidole kwenye kitufe. Nimejifunza, nikamwambia.

Nikitoka kwake nimepita mahali wanapobandika ratiba ya mgao wa umeme. Jumamosi mtaa wetu unakatika saa tisa kamili. Nimemshauri Mubita, kwa heshima zote za mkuu wa kikosi, kwamba vita vianze saa tisa kasoro dakika sita. Akauliza kwa nini kasoro sita. Nikamwambia ni hesabu. Amefurahi sana.

Betri yake nimejitolea kuitengeneza tena, bure.