Mkebe Uliomeza Sauti ya Asembo

Kwa jina la Mola aliyeuumba upepo akaufunza kubeba sauti za waja bila kulalamikia uzito wake, na sala na salamu zimfikie Mtume wake aliyetuusia tuseme la kheri au tunyamaze. Waliomo katika kisa hiki hawakusema la kheri, wala kunyamaza hawakunyamaza.

Wa kwanza kutajwa ni Absalom, aliyeitwa Kalafati, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuziba mianya ya boti kwa pamba na lami, na ufuo mzima wa Kisumu haukuwa na boti aliloligusa yeye likanywa maji. Wa pili ni Dalmas wa mtaa wa Migosi, jina lake Taarifa, ambaye gazeti likimfikia mkononi halipumziki. Wa tatu ni Jaswinder, fundi wa redio, aliyeitwa Volti. Na mwenye mahali ni Seline, Mama Barafu, mwenye duka, lori, redio ya mawasiliano na benchi lililo nyuma ya duka walipokunywa kahawa wote hao.

Ulikuwa mwaka ule magugu ya maji yalipoifunika ghuba hata maji yakawa kama shamba. Kila alfajiri upepo uliyasukuma upande mwingine, na maboti yakatua yalipopata uwazi: leo Asembo Bay, kesho ng'ambo, kwa njia ya Ahero. Barafu ya Seline, ya kuhifadhia samaki aliowanunua, ilitosha safari moja tu. Kwa hiyo kila asubuhi Amolo, mtu wake wa Asembo, alimwambia kwa redio kama samaki wametua huko, naye akajua lori lishike njia gani.

Asubuhi hiyo redio ilikuwa juu ya kigoda mbele ya benchi. Lori lilikwisha kupakiwa, na maji yalidondoka chini yake tone baada ya tone.

"Asembo, Asembo! Amolo, unanipata?" akaita Seline.

Redio ikajibu: krrroo.

"Amesema ndiyo," akasema Dalmas.

"Ndiyo gani, Taarifa? Hiyo ni mtu ama ni tumbo?"

Dalmas akalikunjua gazeti. "Mama, usilaumu Amolo. Soma hapa. Wataalamu wanasema magugu inamaliza hewa ya samaki. Sasa kama inakula hewa ya samaki chini ya maji, itashindwa aje kukula hewa ya redio huku juu, ambako hakuna hata mlinzi?"

"Omera, ndugu yangu, hapo umesema," Absalom akaunga mkono. "Na magugu ya sasa imeshiba. Juzi imekula nanga yangu."

"Nanga uliuza, Kalafati," akasema Seline.

"Niliuza baada ya kuliwa."

Wasike, dereva, akatoa kichwa dirishani. "Mama, Asembo ama Ahero? Barafu inakuwa chai!"

Seline akamgeukia Jaswinder. "Bwana Volti, nisaidie, yawa."

Jaswinder akakiweka chini kikombe chake, akafunga kipimo chake katikati ya redio na waya, akabonyeza kitufe cha kusemea. Sindano ya nguvu inayotoka ikapanda. Ya pili, ya nguvu inayorudi, nayo ikasimama wima.

"Redio mzima," akasema. "Nguvu inatoka. Lakini haifiki kwa antena. Inafika mahali, inagonga ukuta, inarudi nyumbani."

"Kama Dalmas siku ya mshahara," akasema Absalom.

"Antena nimeiangalia jana, haina makosa. Imebaki waya. Hii waya nyembamba inayokuja mpaka hapa ni ya nini?"

Watu wote wakatazama chini, kana kwamba ardhi ndiyo iliyoulizwa. Maana zamani redio ilikaa dukani, na waya mnene ulishuka kutoka kwenye antena mpaka mezani, mfupi na wima. Wanakijiwe ndio walioomba itolewe nje wapate kusikia habari za Asembo wakiwa wameketi. Dalmas alileta waya wa televisheni yake iliyokufa, akaupigilia ukutani, na Absalom akaziunga nyaya hizo mbili.

"Ndani ya duka hakuna kivuli," akajitetea Dalmas.

"Duka lote ni kivuli!" akasema Seline.

"Lakini benchi haiko."

"Bwana Taarifa," akasema Jaswinder, "kila mita ya waya nyembamba inakula sauti. Na ukiunga mnene na nyembamba, hazielewani. Lakini hata hivyo tungesikia kidogo. Hapa kuna kitu kibaya zaidi. Kwa kiungo nani alifunga?"

Absalom alisimama kama aliyeitwa kupokea nishani. Hakuificha kazi yake. Aliifanya bure, ili Seline aione. Boti jipya la Mama Barafu lilikuwa limesimamishwa juu ya magogo pale ufuoni, halijazibwa, na tangu mwezi uliopita Absalom alilala na kuamka akiota kupewa kuliziba. Kiungo cha waya alikitia ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, akaushindilia pamba, akaufunika, akaumiminia lami pande zote.

"Ni mimi," akasema. "Hapo hata ziwa lote likija halipiti. Fungua, Bwana Volti! Ukikuta tone moja, Mama asinipe boti."

"Nimesikia," akasema Seline.

Kufungua hakukuwa rahisi. Jaswinder alipiga kwa bisibisi, bisibisi ikapinda. Wasike alileta nyundo, nyundo ikadunda. Kila ilipodunda, Absalom alivimba kifua na kumtazama Seline. Naye Seline alilitazama lori, ambalo chini yake sasa palikuwa na kidimbwi.

"Kalafati, umefunga waya ama umefunga jela?" akauliza Jaswinder.

"Hiyo ni mkono wangu, jaduong', mzee wangu. Piga tena!"

Kifuniko kikang'oka. Maji yakamwagika juu ya viatu vya Jaswinder, kisha, bila haraka, akatoka chura, amekonda, amejaa hasira, akawatazama mmoja mmoja.

Krrroo, akasema.

"Amolo!" akapiga kelele Dalmas.

Hakuna aliyecheka kushinda Wasike. Absalom aliketi kwenye benchi kama gunia lililokatwa kamba. Chura yule alijificha ndani ya pamba siku ya kufunga, lakini maji? Yaliingia vipi maji?

Jaswinder aliufuata waya mwembamba kwa vidole mpaka juu ya ukuta, akasimama. "Taarifa, msumari huu ni wako?"

"Ulikuwa unateleza, nikaubana."

"Umebana waya ama umetoboa ganda? Mvua imeingia hapa, imeteremka ndani kwa ndani, imejaa kidogo kidogo kwenye mkebe mpaka imefunika kiungo. Waya ikinywa maji, sauti inafia humo."

Waya mwembamba ukatupwa. Redio ikarudishwa dukani, waya mnene ukakatwa ncha iliyooza, ukafungwa moja kwa moja.

"Asembo, Asembo!"

"Mama!" sauti ya Amolo ikalipuka hata vikombe vikatikisika. "Samaki! Mbuta wamejaa mpaka barabarani, wanalala juani! Mbona hamjibu tangu asubuhi? Barafu iko wapi?"

"Asembo, Wasike! Ondoka!"

Lori liliondoka likimwaga maji kama mtu anayetoka kuoga. Absalom naye akaanza kuokota zana zake, bila kulitazama boti lile.

Seline hakurudi dukani. Aliuinua ule mkebe, ambao bado ulikuwa na maji nusu, akapapasa chini yake, akapapasa ubavuni. Palikuwa pakavu kama karatasi.

"Kalafati. Haya maji yamekaa humu tangu mvua ya kwanza?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Na hata tone moja haijatoka?"

"Itatoka wapi, Mama? Nimeziba."

"Sasa kama maji ya ndani ilishindwa kutoka, ya nje itaingilia wapi kwa boti yangu?" Akamkabidhi mkebe. "Kesho uje na pamba. Lakini ukigusa waya wangu tena, nitakuziba wewe."

Absalom aliukumbatia mkebe wake kwa mikono miwili, maji yakimwagikia shati, akateremka ufuoni kulipima boti. Jaswinder akaenda kukausha viatu. Benchini wakabaki wawili tu, Dalmas na chura, mmoja akimsomea mwenzake gazeti.

Ee Mola, wabariki hao waliobaki: uwape kivuli kisichohitaji waya, kahawa isiyopoa kabla ya maneno kwisha, na umjaalie angalau mmoja wao anyamaze, hata kama ni chura.