Kompyuta ya Duka Langu Kuninyima Ruhusa Mimi Mwenye Duka

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Kompyuta za Duka la Magauni ya Harusi
(ambaye pia ni mpwa wangu, niliyembeba mgongoni kabla hajaota jino),

YAH: KUNYIMWA RUHUSA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana ukiwa mgonjwa nitalazimika kukuonea huruma, na leo sitaki. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayofuka moshi. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu karatasi bado haijaanza kuniuliza mimi ni nani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu asubuhi nilifungua folda ya vipimo vya mabibi harusi. Kompyuta ikaniandikia: "Huna ruhusa." Nikadhani imenifananisha. Nikavua miwani, nikaivaa tena. Nikachana nywele, nikapaka wanja, nikarudi kuketi mbele yake kwa adabu zote. "Huna ruhusa." Mwanangu, duka hili nimelianzisha kwa cherehani moja ya kukanyaga. Kibao cha nje kina jina langu, mkataba wa chumba una jina langu, hata kiti nilichokalia kimeshachukua umbo langu. Fundi Mkasi, yule mkata vitambaa wetu, akapita nyuma yangu akasema, "Pole mama, huenda umeachishwa kazi." Mafundi wakacheka mpaka wakapoteza sindano.

Kuulizia, kumbe chanzo ni mchumba wako. Alimwomba binti wa kaunta aifunge folda ya gauni lake ili wewe usilione kabla ya siku ya harusi. Jambo jema, na nililiunga mkono. Lakini binti, kwa bidii yake, alifunga hadi mlango wa nje, na mimi nikabaki barazani mpaka mchana aliponifungulia.

2. Hiyo skripti yako. Ulinieleza kwamba ni maagizo yaliyopangwa, kwamba kila jioni itachukua vipimo kaunta na kuvipeleka kwenye kompyuta ya chumba cha kukatia bila mtu kunyanyuka. Nikajisifu mtaa mzima. Sasa, kwa kuwa inafanya kazi kwa jina lako, ilipofika kwenye gauni la mchumba wako ikakataliwa. Mwenye akili angeendelea na gauni linalofuata. Yenyewe ilisusa! Iliacha kazi palepale, ikalala, wala haikumwambia mtu. Vipimo vya wengine wote vikabaki kaunta. Fundi Mkasi kufika asubuhi akakuta vipimo vya juzi, vya kapteni wa mpira wa wavu, akamkatia navyo binti wa mfamasia, ambaye ukimkumbatia unajikumbatia mwenyewe. Siku ya kujaribu, bibi harusi aliingia kwenye gauni akapotea. Tukamwita. Akajibu kutoka usawa wa kiuno, "Nipo huku, natafuta mkono!" Mama yake akaangua kilio. Mimi nikasema ndio mtindo mpya. Hawakuniamini. Tumelifumua lote, na harusi ni Jumamosi hii.

3. Ukaitengeneza. Ukaniambia kwenye simu, "Shangazi, ondoa wasiwasi. Sasa ikikataliwa itairuka folda hiyo, itaendelea na nyingine, halafu itakutumia ujumbe ujue imekwama wapi." Kweli inaendelea, hilo nakiri. Lakini ujumbe gani ule? "KOSA: RUHUSA IMEKATALIWA." Shikamoo hakuna, habari za jioni hakuna. Ulinikuta kwenye kikao cha wazazi, na simu yangu mjukuu wangu ameiwekea ile sauti ya kusoma ujumbe. Mwalimu mkuu ndiyo kwanza anauliza kama tunaridhia watoto waende ziara, simu ikatangaza: "Ruhusa imekataliwa!" Mwalimu akaandika. Ziara imekufa. Shule nzima inaniangalia vibaya njiani.

4. Ukanipa na mawaidha: kila mtu apewe ruhusa ya kile kinachohusu kazi yake tu. Uchoyo huu umeutoa wapi? Nyumbani kwa babu yako hakukuwa na mlango uliofungwa ila wa choo, na wenyewe komeo lilikuwa bovu.

5. Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, makosa ya ruhusa yakomeshwe kabisa kwa kumpa kila mtu ruhusa ya kila kitu. Kama hakuna anayekataliwa, hilo kosa litatoka wapi? Nashangaa chuoni hawakuliona. Wapewe mafundi, apewe Mama Pasi, mpiga pasi wetu, wapewe wateja, apewe hata mpita njia aliyeingia kukwepa mvua. Na skripti ipewe yote, labda itaacha kununa.

Kusema kweli sijasubiri jibu lako. Nimemwamuru binti wa kaunta, naye amefungua kila kitu kwa amri moja fupi. Duka limejaa furaha. Nasikia vicheko chumba cha kukatia.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kitenge chake kiko tayari. Nisalimie kaka, majirani, na wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia.

Ni mimi nikupendaye, ingawa leo kwa masharti,

Shangazi yako,
Mwenye Duka (nasisitiza).

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeichana. Nimekwenda kuangalia vile vicheko. Mama Pasi anawasomea wenzake kipimo cha kiuno changu, kile cha kweli, si kile ninachokitaja. Fundi Mkasi amejiandika Mkurugenzi. Mteja mmoja ameingia kwenye vipimo vyake akajipunguza nyonga, na kitambaa kimeshakatwa hivyo hivyo. Halafu mchumba wako amepiga simu akilia: "Shangazi, nasikia kila kitu kiko wazi. Ameliona?" Nimemwapia kwamba hujaliona. Basi njoo ufunge. Kila mtu abaki na chake kama ulivyosema, Mama Pasi na pasi zake, nami nifungie popote unapoona panafaa. Skripti ikikwama inijulishe tu, nitaipokea vyovyote itakavyosema. Lakini ukifika kwenye folda ya mchumba wako, fumba macho, jifungie nje na wewe. Najua utataka kuuliza likoje. Mchumba wako alipolijaribu jana, Fundi Mkasi, ambaye hajafunga mdomo tangu nimwajiri, alinyamaza kimya, akaenda kusimama dirishani. Mengine usiniulize.